VVU vimefubaa, HPV imetokea wapi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Pasua hapa Moshi, nauza mitumba Memorial. Nilianza ARV mwaka 2014 baada ya kuugua sana, CD4 zangu, zile chembe za kinga, zilikuwa 140. Tangu hapo sijaruka dawa, na huu ni mwaka wa sita virusi havionekani kwenye kipimo. Mwezi uliopita CTC, kliniki ninapochukulia dawa, waliniambia nipimwe mlango wa kizazi, wakanipa kibrashi nikajichukulia sampuli mwenyewe. Majibu yamerudi, nina HPV. Niliambiwa nirudi baada ya wiki mbili, sijaenda, naogopa. Kama dawa zinafanya kazi, hii imetoka wapi? Mume wangu hana VVU, ananiuliza maswali siwezi kuyajibu. Pia nina binti wa miaka 11, shuleni wanataka kumchanja, mama mkwe hataki kusikia. Nisaidie.

Jibu: Marahaba, mama. Pole kwa usingizi uliokosa. Naanza na jambo moja ambalo nadhani hakuna aliyekaa chini akakueleza vizuri: majibu uliyopewa hayasemi una saratani. Yanasema kwamba kwenye mlango wa kizazi chako kimekutwa kirusi, hiyo HPV, ambacho kikiachwa miaka mingi bila mtu kukiangalia, kinaweza kuleta saratani. Kati ya hayo mawili kuna safari ndefu, na karibu kila hatua ya safari hiyo inaweza kukatizwa. Ndiyo maana ukaambiwa urudi. Ile tarehe uliyoiruka ndiyo sehemu ya pili ya kipimo.

Sasa ARV. Dawa zako hazijashindwa. Zimefanya kazi yake sawasawa, na miaka sita ya virusi kutoonekana ni matunda ya uaminifu wako, usimruhusu mtu akunyang'anye hilo. Lakini ARV zimetengenezwa kwa ajili ya VVU peke yake. Vidonge unavyomeza kila usiku vinaziba vimeng'enya ambavyo VVU hutumia kujinakili na kujipachika ndani ya seli. HPV haina vimeng'enya hivyo. Yenyewe huingia kwenye seli za ngozi laini ya mlango wa kizazi na kutumia mitambo ya seli hizo hizo kuzaliana, kwa hiyo TLD, hivyo vidonge vyako vya ARV, inapita pembeni yake kama gari la Marangu linavyompita abiria wa Machame. Kipimo cha wingi wa virusi nacho kinahesabu VVU tu. Hakijawahi kukuahidi lolote kuhusu HPV.

Tena hakuna kidonge duniani kinachoua HPV, kwa mwenye VVU wala kwa asiye navyo. Anayeiondoa ni mwili wenyewe. Hapo ndipo virusi hivi viwili vinapokutana.

Kirusi cha papiloma, yaani HPV, kina aina zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa. Aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo sehemu za siri, yanaudhi na kutia aibu, lakini hayageuki saratani ya mlango wa kizazi. Kuna kundi lingine la aina kama 14 zenye hatari, na ndani yake mbili, ya 16 na ya 18, zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi duniani. Aliyezigundua hizo mbili kwenye uvimbe wa wagonjwa ni Mjerumani Harald zur Hausen, ile ya 16 mwaka 1983. Mwaka huo huo Wafaransa Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier waliripoti kirusi ambacho leo tunakiita VVU. Mwaka 2008 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, nusu ikaenda kwa Mjerumani, nusu kwa Wafaransa wawili. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kwa sababu kamati ile iliviweka jukwaa moja virusi ambavyo sisi kwenye hospitali zetu tulivitenganisha kwa miaka mingi: VVU mlango huu, kizazi mlango ule, na mwanamke mmoja akizunguka katikati na kadi mbili mkononi.

Karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana na HPV wakati fulani. Kwa mwanamke mwenye kinga nzima, askari wa mwili huigundua na kuifukuza, mara nyingi ndani ya miaka miwili, bila yeye kujua kama ilipita. Hao askari wanaoongoza kazi hiyo ndio wale wale CD4 ambao VVU huwashambulia. Wakipungua, HPV inakaa, na inayokaa muda mrefu ndiyo ya kuogopa. Protini zake mbili hulemaza breki za seli, zile zinazoiambia seli "acha kugawanyika" au "umeharibika, jiue". Seli isiyo na breki hugawanyika na makosa yake, na miaka ikipita makosa yanarundikana.

Utaniuliza: lakini CD4 zangu zimeshapanda, mbona bado? Fikiria kihamba, shamba letu la migomba nyumbani. Mwenye shamba akiwa mzima, magugu yanang'olewa yakiwa machanga. Akiugua mwaka mzima akalala ndani, magugu yanashika mizizi chini ya migomba. Siku anayopona na kushika jembe tena, magugu mapya atayadhibiti, lakini yale yaliyokwisha kuota mizizi hayaondoki kwa sababu tu yeye kapona. Lazima yafuatwe, yachimbwe. Mwaka 2014 CD4 zako zilikuwa 140. Kipindi kile kabla hujaanza dawa, na miezi ya mwanzo baada ya kuanza, shamba lako halikuwa na mtu. Inawezekana kabisa HPV hii iliingia au kujificha wakati huo, na inawezekana pia uliipata kabla au baada. Hakuna kipimo kinachoweza kusema. Lakini kiwango cha chini kabisa ambacho CD4 za mtu ziliwahi kufika huacha alama yake hata baada ya kupanda, na ndiyo sababu wanawake walioanza dawa mapema, tangu nchi iliporuhusu mwaka 2016 kila anayekutwa na VVU aanze matibabu bila kusubiri CD4 zishuke, wana afadhali kidogo kuliko ninyi mlioanza mkiwa mmeshaugua.

Tofauti hii si ndogo. Utafiti mmoja uliofanyika hapa Tanzania kwa wanawake 3,603 na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta HPV zenye hatari kwa karibu nusu ya wanawake wenye VVU, wakati kwa wasio na VVU walikuwa kama mmoja kati ya sita. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi. Mwendo nao hubadilika. Kwa mwenye kinga nzima, kutoka kuambukizwa hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa huweza kuwa 5 hadi 10. Wewe unatumia dawa na zimeshika, kwa hiyo hauko kwenye kundi la mwendo mkali, lakini hauko sawasawa na jirani yako asiye na VVU. Uko katikati, na aliye katikati anaangaliwa mara kwa mara. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unawataka wanawake wenye VVU waanze kupimwa wakiwa na miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5, wakati wengine wanaanza 30 na kurudia kila miaka 5 hadi 10.

Njia ina mwelekeo wa pili pia, ambao hautajwi sana: mwanamke asiye na VVU lakini ana HPV ni rahisi zaidi kuambukizwa VVU, tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha karibu mara mbili. Ngozi yenye HPV ni dhaifu, na huvuta pale pale zile seli za kinga ambazo VVU huzitafuta. Kila kirusi humfungulia mwenzake mlango.

Tuje kwa mume wako, maana nahisi hapa ndipo panapouma.

Kwanza, yeye hana VVU na wewe virusi havionekani. Hali hiyo ikiendelea, humwambukizi VVU kwa njia ya kujamiiana, na HPV kuonekana haibadilishi hilo. Mwambie hivyo wazi, kwa sababu nina hakika amechanganya mambo mawili kichwani. Pili, kinyume chake pia ni kweli na usimfiche: kufubaza VVU hakuzuii HPV kupita kati yenu. Inapita kwa ngozi kugusana na ngozi, ndiyo maana hata kondomu inapunguza tu, haizibi yote. Wanaume waliotahiriwa huibeba kwa nadra kuliko wasiotahiriwa, jambo lililothibitishwa na majaribio makubwa ya Rakai, Uganda, na wanaume wengi wa huku kwetu wameshapita jandoni, kwa hiyo ahueni hiyo pengine mnayo tayari.

Ila swali analokuuliza, "umeipata wapi?", halina jibu, na si kwa sababu unaficha. HPV inaweza kukaa kimya mwilini miaka kumi na zaidi kabla ya kipimo kuiona. Inaweza kuwa imetoka kwa mtu wa kwanza uliyewahi kuwa naye. Inaweza kuwa imetoka kwake yeye mwenyewe, aliyeibeba kabla hajakuoa bila kujua, kwani kwa wanaume hakuna kipimo cha kawaida cha HPV cha kumtuma akapime. Nimekaa na wanandoa wengi chumbani kwangu, na nimeona ndoa zikiyumba kwa karatasi ambayo haikuwa na uwezo wa kushuhudia chochote kuhusu uaminifu wa mtu. Hilo linaniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Karatasi ya HPV haina tarehe wala jina la mtu. Kama anaweza, aje nawe siku ya miadi, amsikie mtaalamu kwa masikio yake. Swali la mume hujibika vizuri zaidi likijibiwa na mtu wa tatu.

Siku hiyo itakuwaje? Utalala kitandani, mhudumu atafungua uke kwa kifaa, kisha atapaka mlango wa kizazi asidi ya siki iliyochanganywa na maji, siki ile ile ya jikoni kwa asili yake. Baada ya dakika moja hivi, seli zilizobadilika hugeuka nyeupe na kuonekana kwa macho. Haiumi, labda uchachu kidogo. Sehemu nyingine hutumia kamera au darubini maalumu. Nesi akikuambia siku hiyo utapata majibu hapo hapo, mwamini, kipimo hiki hakihitaji kusubiri maabara.

Kama hakuna weupe, hutibiwi kitu, unarudi kupimwa HPV baada ya miezi 12. Wasio na VVU husubiri miezi 24, wewe ni 12, shika namba yako. Kama kuna weupe mdogo unaoonekana wote, mara nyingi unatibiwa siku hiyo hiyo kwa kifaa kidogo cha joto la nyuzi kama 100, kinachogusa pale kwa sekunde 20 hadi 30, na pengine kurudiwa. Utasikia tumbo kukaza kama la hedhi. Baadaye majimaji yatatoka ukeni wiki kadhaa, ni kidonda kinapona. Wiki nne hakuna kujamiiana, na hilo nalo ni sababu nyingine ya kumleta mume asikie mwenyewe. Kama weupe ni mkubwa au umeingia ndani ya mfereji, hukatwa kwa kitanzi chembamba cha waya wenye umeme na kipande kupelekwa maabara. Hata hivyo kizazi hubaki, hedhi hubaki, na ukitaka mtoto wa tatu bado inawezekana.

Nikuambie na sehemu ngumu. Kwa wanawake wenye VVU, mabadiliko haya hurudi mara nyingi zaidi baada ya matibabu kuliko kwa wengine. Anayetibiwa leo anapimwa tena baada ya miezi 12, na tena miezi 12 inayofuata, ndipo arudi kwenye ratiba ya kawaida. Kinachoniudhi ni kwamba wengi hawaambiwi hivyo. Wanaambiwa "umeshatibiwa, nenda nyumbani kwa amani". Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi hakikuwa hata na daftari la kuwaita waliotakiwa kurudi, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosaini faili zikafungwa. Kwa hiyo tarehe yako iandike mwenyewe kwenye kadi ya CTC, ukutani, kwenye simu, popote.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja mama mfanyabiashara wa ndizi kutoka upande wa Tengeru. VVU vyake vilikuwa vimetulia, alikuwa mnene, anacheka. Alikuwa ametokwa damu baada ya kujamiiana kwa miezi minane, akidhani ni hedhi inaelekea kukoma. Hakuna aliyewahi kumpaka siki, kwa sababu pale alipochukulia dawa waliona kadi yake nzuri wakaridhika. Saratani ilikuwa imeshatoka nje ya mlango wa kizazi, ikabidi apelekwe mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, mbali na soko, mbali na watoto. Tanzania wanawake kama 10,000 hupata saratani hii kila mwaka na zaidi ya 6,000 hufa nayo, na wengi wao walipita kwenye mikono yetu wakiwa wazima. Wewe umeshikwa mapema, ukiwa hujisikii chochote. Yule mama angefurahi kupata karatasi inayokutisha.

Ukiona damu baada ya kujamiiana, damu katikati ya miezi, au majimaji yenye harufu kali, usisubiri tarehe, nenda siku hiyo hiyo.

Kuhusu binti, achanjwe. Katika umri wa miaka 11, kabla hajakutana na kirusi, ndipo chanjo inapofanya kazi vizuri zaidi. Kwako wewe haiwezi kuondoa HPV iliyokwisha kuingia, kwake inaizuia isiingie. Tena mama mkwe akumbushwe kwamba chanjo hii si ngeni Kilimanjaro: mkoa wetu ulichaguliwa kuijaribu mwaka 2014, miaka minne kabla ya kwenda nchi nzima mwezi Aprili 2018. Wasichana wale wa mwanzo sasa ni wanawake wazima, baadhi ni akina mama. Muulize kama anamjua hata mmoja aliyefungwa kizazi, maana najua ndilo neno linalozunguka kwenye sherehe na misibani. Ndani ya chanjo hamna kirusi hai wala kipande cha vinasaba vyake, ni maganda matupu ya protini ambayo mwili hujifunza kuyatambua. Uingereza, wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipofika utu uzima saratani ya mlango wa kizazi ilipungua kwao kwa asilimia 87.

Siku hizi dozi ni moja. Sehemu ya ushahidi wa hilo ulitoka hapa hapa nyumbani, kwa wasichana 930 wa Mwanza. Lakini kuna angalizo linalokuhusu: dozi moja ni kwa binti asiye na VVU. Mwenye VVU anahitaji angalau mbili, tatu zikipatikana. Hukusema kama binti alishapimwa. Alizaliwa karibu na wakati ulipoanza dawa, kwa hiyo kama hakuwahi kupata majibu yake ya mwisho baada ya kuacha kunyonya, mpeleke apimwe kwanza. Sikutishi, nataka tu achomwe idadi inayomfaa. Akiwa navyo, waambie wahudumu wa chanjo au mwache nesi wa CTC awaambie kwa faragha, si mbele ya darasa.

Nenda wiki hii, mama, usingoje soko lipoe. Beba kadi ya CTC na ile karatasi ya HPV, waambie umechelewa na kwamba uliogopa, hawatakugombeza, na wakikugombeza omba kuonana na MWAVIU mshauri wa kliniki yako, yaani mshauri anayeishi na VVU kama wewe, wengi wao wameshapita hapo hapo unapopita. Kama hedhi imeanza, piga simu usogeze siku hadi ikate. Siku mbili kabla usiingize dawa yoyote ukeni wala usioshe kwa ndani, na ARV zako za usiku huo zimeze saa ile ile ya kila siku.